Barua ya kuacha kazi anaihitaji nani?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi mmoja aliyetoa maoni gazetini humu majuma mawili yaliyopita, akisema kwamba sisi wafanyakazi wa mahoteli ya Malindi tunaoendelea kukaa katika hoteli ambazo wageni wamezipa kisogo, tukingojea kupunguzwa kazi ili tulipwe, tunapoteza umri wetu bure, na kwamba mtu mwenye akili huandika barua ya kuacha kazi angali na nguvu akatafute pengine. Makala hiyo nimeisoma mara tatu. Iliandikwa kwa nia njema, na mna ndani yake jambo moja la kweli nitakalolirudia, lakini mwandishi amelichukua swali hili kuwa swali la moyo, nani jasiri na nani mwoga, ilhali kwetu tulio ndani ni swali la hesabu na la karatasi: ni nani anayeandika, anaandika tarehe gani, na ni nani anayefaidika ikishaandikwa.

Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja jina. Niliajiriwa mwaka 2008, miezi michache baada ya ghasia za uchaguzi, wakati hoteli za Pwani zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kupata wageni tena. Nilikuwapo 2011, watalii walipotekwa nyara upande wa Lamu na wageni wetu wakafuta safari hata kabla ya Krismasi. Nilikuwapo 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasizuru sehemu za Pwani. Nilikuwapo 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti mosi na kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, tangu Aprili hadi Juni. Mwaka huo tulirudishwa nyumbani kwa likizo isiyo na malipo, na akiba yangu ya chama ikaishia kwenye unga na kodi ya nyumba. Sitaji haya kwa kujitapa. Nataka msomaji ajue kwamba hoteli kukosa wageni si habari mpya kwangu, na kwamba mtu aliyekwisha kuona paa likitikisika mara nne hatoki mbio mara ya tano kabla hajauliza upepo unatoka wapi.

Katikati ya Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika na nusu ya vyumba vimefungwa, meneja alianza kutuita ofisini mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilikaribishwa kiti, nikaulizwa hali ya nyumbani, kisha nikasogezewa karatasi moja iliyokwisha kupigwa chapa. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mimi, na hapo palikuwa na nafasi ya jina, nimeamua kwa hiari yangu na kwa sababu za kibinafsi kuacha kazi kuanzia tarehe, na hapo palikuwa na nafasi ya tarehe. Ya pili ilisema kwamba nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote kwa mwajiri. Meneja alieleza kwa upole kabisa kwamba atakayetia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi atapewa mshahara wa mwezi mmoja kama shukrani, na akanisihi akisema, “Mzee wangu, ondoka kwa heshima kabla mambo hayajaharibika.”

Sikumjibu mara moja, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye ile karatasi yenyewe. Rimu mbili za karatasi nyeupe nilizitoa mimi stoo siku mbili kabla, na ninalikumbuka lile ombi lililoletwa na karani wa ofisi, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tubane matumizi na nilimwuliza rimu mbili za nini wakati wageni hawapo. Aliandika kwenye kisanduku cha sababu: matumizi ya kawaida ya ofisi. Rimu moja ina karatasi 500, na wafanyakazi wote wa hoteli yetu hatufiki hata robo yake, kwa hiyo zingine sijui zilikwenda wapi. Lakini hilo ni jambo la mtunza stoo, naliacha.

Swali nililotoka nalo ofisini siku ile, bila kutia sahihi, ndilo ninalomwuliza mwandishi wa makala. Ikiwa mwajiri ana haki kisheria ya kupunguza wafanyakazi biashara inapomwendea vibaya, na haki hiyo anayo bila ubishi, ana haja gani na barua yangu?

Jibu limo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kifungu hicho hakimkatazi mwajiri kupunguza watu. Kinamtaka afuate mambo kadhaa, na karibu kila moja lina gharama. Ni lazima, angalau mwezi mmoja kabla, amjulishe afisa wa leba, yaani afisa wa serikali wa mambo ya kazi, pamoja na chama cha wafanyakazi, sababu za upunguzaji na ukubwa wake; na ikiwa mfanyakazi si mwanachama, amwandikie yeye mwenyewe pamoja na afisa wa leba. Ni lazima achague wa kuondoka kwa kuangalia nani ametangulia kazini, na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, wala si kwa kuangalia sura. Ni lazima alipe kwa fedha siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, atoe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na juu ya hayo alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Hizo siku 15 ndizo ambazo mitaani tunaziita kiinua mgongo. Mahakama ya Rufani nayo, katika kesi ya wafanyakazi wa Kenya Airways iliyoamuliwa mwaka 2014, ilieleza kwamba ile notisi ya kwanza si ya kutimiza wajibu tu, inatakiwa ifungue mazungumzo ya kutafuta njia ya kuepusha upunguzaji au kuupunguza makali.

Anayeacha kazi mwenyewe hana hata moja katika hayo. Sheria inamtaka yeye ndiye atoe notisi ya maandishi, siku 28 kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, na akiondoka ghafla huenda akadaiwa mshahara wa siku hizo. Atalipwa siku alizofanya kazi na likizo aliyobakisha, na atapewa cheti cha utumishi. Wako wanaodhani kwamba kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka hata kwa anayeondoka mwenyewe. Malipo hayo yamo katika kifungu cha 35, lakini kifungu hicho hicho kinawatoa wale ambao wanachangiwa NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, au wako katika mpango wa pensheni au bahashishi, na sisi wa mahotelini wengi wetu tunakatwa NSSF. Labda mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yanakupa zaidi, na hilo ni la kusoma kwenye mkataba wenyewe, si la kusikia kwenye kibaraza.

Jioni ile nilikaa chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya jiko nikapiga hesabu nyuma ya fomu ya maombi ya stoo. Mshahara wangu ni shilingi 30,000. Siku 15 ni nusu mwezi, yaani 15,000. Mara miaka 17 iliyotimia, ni 255,000. Ongeza mwezi wa notisi, ni 285,000, bila ya likizo. Wako wahasibu wanaogawanya mshahara kwa siku 26 za kazi badala ya 30 za mwezi, na kwa njia hiyo mwaka mmoja unafika 17,300 na kitu, na miaka 17 inafika 294,000 na kitu kabla ya notisi; tofauti yake inanunua mabati ya chumba kizima, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapema ni hesabu gani itakayotumika. Upande wa pili wa karatasi niliandika alichoniahidi meneja: 30,000. Mwenye kuniita mwoga kwa kutotia sahihi na aniambie kwanza ujasiri wa kuziacha 255,000 mezani unaitwaje.

Mama mmoja wa dobi alitia sahihi. Amefua mashuka ya hoteli ile miaka 14, mshahara wake ulikuwa 22,000, na siku hiyo alikuwa na mtoto anayedaiwa karo, kwa hiyo zile 22,000 za shukrani zilimjia kama maji kwa mwenye kiu. Wiki tano baadaye notisi rasmi ilibandikwa ubaoni, nakala yake ikapelekwa ofisi ya leba, na watu 11 wa mkahawani na wa dobi wakapunguzwa kwa utaratibu na kulipwa. Baadhi yao walimkuta yeye kazini. Kama angekuwa angali kazini naye akapunguzwa, angestahili 154,000 za miaka yake na 22,000 za notisi.

Nilimsindikiza ofisi ya leba. Afisa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akaigeuza ile karatasi ikamwelekea.

“Mama, hii sahihi ni yako?”

“Ni yangu.”

“Tarehe uliandika wewe?”

“Niliandika mimi, lakini niliambiwa niandike.”

Afisa alishusha kalamu. Akatueleza, na namshukuru kwa kutotudanganya, kwamba mahakama zetu zinatambua kuwa mtu anaweza kusukumwa na mwajiri hadi akaacha kazi, na kuacha kwa namna hiyo kukahesabiwa kuwa ni kufutwa. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ulisukumwa uko juu yako, na karatasi yenye maneno kwa hiari yangu na sina dai lolote huufanya mzigo huo uwe mzito. Barua ya kuacha kazi ikishapokewa hairudishwi kwa majuto, ila mwajiri akikubali. Dai halijafungwa. Ana miaka 3 ya kulipeleka Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Malindi, na nadhani atalipeleka. Lakini sasa anakwenda kuomba kwa shahidi na kwa wakili kitu ambacho wenzake walikipata kwa kukaa kimya wiki tano.

Hapa nakuja kwenye lile jambo la kweli alilolisema mwandishi, nisije nikaonekana nampinga kwa kumpinga tu. Kungoja nako kuna bei, na wengi wetu hatuipigi hesabu. Kwenye bustani yetu kulikuwa na kijana wa miaka 3 kazini, mshahara 18,000, aliyenijia na swali hili hili. Siku zake 15 kwa miaka mitatu ni 27,000, pamoja na notisi ni 45,000. Alikuwa ameahidiwa kazi ya bustani kwenye nyumba za wageni Watamu kwa 22,000, aanze mara moja. Tofauti ya 4,000 kwa mwezi ingemrudishia zile 45,000 kabla mwaka haujaisha, na ile kazi ya Watamu isingemngojea mpaka sisi tumalize kubahatisha. Nilimwambia aende. Nilimwambia pia asitie sahihi karatasi ya meneja: aandike barua yake mwenyewe, atoe notisi yake, asiseme hana dai, adai siku zake za likizo na cheti chake. Ameenda.

Mimi nami nilipata nafasi ya kutunza ghala la vifaa vya ujenzi Mtwapa kwa 33,000. Nyongeza ni 3,000, chumba cha kupanga kule hakipungui 5,000, na familia yangu iko Muyeye. Hata ningelala ghalani bure, ingenichukua karibu miaka minane kufidia kile ninachokiacha. Basi ushauri mmoja hauwezi kutufaa mimi na yule kijana, na hapo ndipo makala ilipokosea: imetupa dawa moja watu wenye maradhi mbalimbali.

Kuna kitendawili kingine ambacho hakikumjia mwandishi, na ambacho mimi mwenyewe kilinichukua muda kukiona. Ikiwa kigezo cha kwanza cha kuchagua ni nani ametangulia kazini, basi desturi ni kuwatoa waliokuja mwisho. Maana yake ni kwamba upunguzaji ukija kwa sehemu, wanaoguswa kwanza ni wale ambao malipo yao ni madogo, na sisi wenye miaka mingi, ambao malipo yetu ndiyo yenye uzito, tunabaki. Ndivyo ilivyotokea kwetu. Katika watu 11 waliopunguzwa, mimi simo. Kwa hiyo anayengoja kama mimi na asijidanganye kwamba anaingojea hundi; huenda akaingoja hadi astaafu. Anachokingoja kwa hakika ni mshahara wake wa kila mwezi, na hundi ni jambo la mbali ambalo mwenye uamuzi wake ni mtu mwingine. Mshahara ukija kwa wakati, kungoja hakumgharimu sana. Ukianza kuja nusu nusu, kama ulivyoanza wetu mwezi wa Julai, hesabu inabadilika kabisa, na ni lazima irudiwe kila mwezi.

Kwa nini irudiwe? Kwa sababu malipo ya kupunguzwa hayatoki mbinguni, yanatoka katika mfuko wa hoteli, na mfuko ukikauka sheria haiwezi kuujaza. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inawaweka wafanyakazi mbele ya wadai wa kawaida, na hilo ni jema, lakini gharama za ufilisi wenyewe hutangulia, na benki iliyoshika jengo kwa rehani hulikamata jengo lake kwanza. Mtu wa miaka 17 anaweza kujikuta mwanzoni mwa foleni, na dirisha halina kitu. Ndiyo maana tangu Julai nimekuwa nikiangalia vitu ambavyo meneja hadhani naviangalia: mwenye kuleta mboga anadai wiki ngapi, gesi inaletwa kwa mkopo au kwa fedha mkononi, bima ya gari la hoteli imelipwa au la. Mtunza stoo huyaona haya kabla ya mhasibu. Mpaka leo mboga inalipwa kila Ijumaa. Ikifika mwezi mzima haijalipwa, nitakuwa na jambo jingine la kuamua.

Uvumi wa kuuzwa hoteli nao unahitaji neno, kwa kuwa umewafanya wengi watie sahihi wakidhani mnunuzi atawafukuza bila kitu. Inategemea kinachouzwa. Ikiwa zinauzwa hisa za kampuni, mwajiri wako ni yule yule kisheria, aliyebadilika ni mwenye kampuni tu, na miaka yako inaendelea kuhesabiwa. Ikiwa linauzwa jengo na vitanda vyake, mwajiri wa zamani ndiye anayebaki na deni lako. Nchi yetu haina sheria maalumu ya kuwahamisha wafanyakazi pamoja na biashara, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba mnunuzi atakuchukua na miaka yako yote. Mwombe aliandike, na mwajiri wa zamani alitie sahihi. Na kuna mtego mdogo unaofanana na huo, nao ni kandarasi ya msimu. Wenzetu kadhaa waliokuwa waajiriwa wa kudumu waliletewa Desemba iliyopita kandarasi mpya za miezi sita, wakatia sahihi kwa kuwa mshahara haukubadilika hata senti. Kilichobadilika ni tarehe ya kuanza. Mtu mwenye miaka 9 sasa ana karatasi inayosema alianza Desemba, na siku akipunguzwa itabidi ashindane kuonyesha kwamba ile miaka 9 ilikuwapo.

La mikopo ya sako, yaani chama cha akiba na mikopo, nalitaja kwa kifupi. Anayelipa mkopo kwa kukatwa mshahara ajue kwamba siku atakayoondoka, kwa barua yake au ya mwajiri, sako itamdai baki yote na kuwageukia wadhamini wake, nao aghalabu ni wenzake wa jikoni ambao wamepunguzwa siku hiyo hiyo. Katika wale 11, watatu waliiona hundi yao kwa macho tu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Gazeti lenu linasomwa kwenye vyumba vya wafanyakazi tangu Watamu hadi Ngomeni, mara nyingi nakala moja ikipita mikono 20. Tafadhali kichapisheni kifungu cha 40 kizima kwa Kiswahili chepesi, pamoja na maelezo ya mwanasheria, kabla ya masika mengine kufika, kwa kuwa ni wakati huo wa mvua ndipo hizi barua hutolewa. Na mwandishi wa makala namkaribisha stoo, aje nimwonyeshe ile fomu ya rimu mbili. Nimeihifadhi, pamoja na nakala ya barua isiyo na sahihi yangu, hati zangu za mshahara, na barua ya kuajiriwa ya 2008 ambayo kona yake moja imeliwa na mchwa lakini tarehe inasomeka.

Meneja ameniita mara mbili tangu hapo. Mara ya pili nilimwomba kwa adabu kwamba, ikiwa hoteli hainihitaji, aniandikie yeye. Alicheka, akaniambia nirudi kazini, kwani Jumamosi kunaingia kundi la wageni 40 na hakuna aliyehesabu glasi.

Nilizihesabu. Zimepungua sita.

Wako,
Mtunza stoo,
Malindi